Sahihi ya Moyoni

Diwani Masunga Kadelema alikuwa na sauti ya kuliza watu. Siku hiyo alikuja mkutanoni Ilongamoto akitaka kijiji kimwachie bonde la mpunga, na ilipofika saa tano asubuhi nusu ya watu uwanjani walikuwa wanafuta machozi.

"Msiniulize maswali," alisema. "Anayeuliza hakipendi kijiji chake. Sikilizeni moyo, kisha mje mweke sahihi."

Bi Nyamizi, karani aliyeandika mihtasari ya mikutano, alilia kuliko wote.

"Mheshimiwa," alisema huku akipenga kamasi, "hawa watu wako wana tabia mbaya ya kutaka kusoma kwanza. Hebu waonyeshe mtu wa moyo anavyoweka sahihi."

"Lete karatasi!"

Nyamizi alichomoa moja kwenye jalada lake. Diwani alifumba macho, akaweka sahihi kwa mbwembwe, akaiinua juu watu wote waione. Vigelegele vikapigwa. Mwenyekiti wa kijiji akagonga muhuri papo hapo.

"Sasa niisome, iingie kwenye muhtasari," alisema Nyamizi, akavaa miwani. "Mimi, Masunga Kadelema, kuanzia leo nimekipa kijiji kisima changu kirefu pamoja na pampu yake."

Diwani aliirukia ile karatasi. "Huu ni wizi! Mimi sikuisoma!"

Nyamizi alimtazama kwa macho makavu kabisa.

"Kumbe karatasi huwa zinasomwa, Mheshimiwa? Basi lete na ile ya bonde."