Salamu za Nanzia

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, niwarudishe nyuma, kule ambako hata babu yangu alikuwa hajazaliwa. Mko nami? Haya, twende.

Siku hizo huku kwetu milimani Upare walipita watu wasio na kwao. Walipita vipofu, walipita vilema, walipita wahunzi na mivukuto yao mgongoni. Waliomba chakula, wakaomba pa kulala. Lakini baada ya njaa ya nzige watu walichoka kutoa, wakawa wanafunga milango.

Basi palikuwa na mjane akiitwa Namkunda. Katika njaa ile alishuka tambarare na bintiye Nakijwa kutafuta nafaka, wakapotezana kwenye msafara wa wenye njaa. Mtoto wa miaka sita, jamani. Alimtafuta, alimtafuta, akarudi peke yake. Miaka miwili ikapita.

Adhuhuri moja ya mvua akaja ombaomba mmoja, kikongwe, Nanzia jina lake, anachechemea. Nyumba nne zilikuwa zimeshamfukuza. Namkunda alikuwa na uji wa kibuyu kimoja tu. Akamgawia nusu, akamtandikia ngozi kando ya moto, akakaa naye siku tatu mpaka mvua ikakatika. Kikongwe alipoaga akamuuliza amfanyie nini.

"Bibi, wewe wapita pengi," alisema Namkunda. "Ukimkuta mtoto aitwaye Nakijwa, mwambie mama yake yu hai."

"Mimi hupita kila mlango, mwanangu. Nitauliza."

Na aliuliza, wajukuu. Pale mguu wake uliposhindwa kufika, alimtuma kipofu; kipofu akamwambia mhunzi; mhunzi akauliza hadi ng'ambo ya mto. Wakati wa mavuno mhunzi huyo akaingia uani kwa Namkunda, amemshika msichana mkono. Mtoto alikuwa amelelewa na wafugaji, lugha ya mama ameisahau, anakumbuka jina lake tu. Namkunda hakupiga kelele. Alipiga magoti vumbini, akalitaja jina lile taratibu, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu mtoto akamjia.

Tangu hapo kila mpita njia alikula kwa Namkunda, na kila mmoja alipewa ujumbe: mwambie Nanzia mtoto amefika, mwambie ahsante. Mwaka mzima Nanzia hakuonekana. Kisha akaja kipofu mmoja, na kabla hajaketi akasema:

"Nina salamu zako. Nanzia yuko bondeni, hawezi kutembea tena. Anasema ahsante yako imemfikia mara kumi na moja, na kila ikifika hucheka."

Basi, wajukuu, mtu akipiga hodi, mpeni kwanza pa kukaa, maswali yatafuata. Kisa kimetoka kinywani mwangu, kimeingia masikioni mwenu. Kitunzeni, kisije kikakosa pa kulala.