Pimbi Alivyoazima Nyumba ya Nyati

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba za udongo na kusonga ugali kama mimi na nyinyi, kulikuwa na kijiji chini ya majabali. Kaeni vizuri, wanangu. Na wewe unayechezea mchanga huko nyuma, acha, maana hadithi hii siirudii.

Katika kijiji hicho alikaa Nyati na mkewe Nyamvula, pamoja na ndama wao. Nyati alikuwa na pembe pana kama mlango na uvumilivu mfupi kama mkia wa mbuzi. Mchana akirudi kutoka mtoni, kwata kwata kwata, kijiji kizima kilijua kinachofuata. Leo chumvi imezidi. Kesho chumvi imepungua. Kesho kutwa chumvi iko sawa, basi kosa ni kwamba mke amenyamaza mno. Puu, chungu kiko chini. Puu, Nyamvula yuko ukutani.

Majirani je? Walikuwepo, tena karibu. Tembo, nyumba ya pili, alijifunika yale masikio yake kama shuka. Nungunungu alitwanga kwa nguvu zaidi ili asisikie. Kanga aliwaita watoto wake ndani na kuwaambia kuwa ya ndani hayasemwi nje.

Sasa, kwenye ufa wa jabali alikaa Pimbi. Huyu alikuwa mdogo, hata kwato moja ya Nyati ilimfunika. Siku moja uvumilivu ukamwisha, akateremka akawakusanya wale majirani na kuwauliza kama wana masikio au mapambo.

"Ya nyumba ya mtu hayaingiliwi," Tembo akasema. "Ni desturi, Pimbi."

"Mtu akilia mwizi, mnatoka na marungu. Nyamvula akilia, mnafunga madirisha. Hiyo nayo desturi?"

Tembo akaangalia miguu yake. Mwishowe akasema kweli: anaziogopa zile pembe. Nungunungu, pamoja na miiba yake yote, naye anaziogopa. Pimbi akawaambia hata yeye anaogopa, lakini woga haujamzuia mtu kwenda kwa jirani kuazima ungo.

Hawakumwelewa. Akawaacha hapo, akaenda mtoni alikokuwa Nyamvula.

Nyamvula alikuwa anafua, jicho limevimba. Alisema ameanguka. Pimbi hakubishana naye. Alishika upande mmoja wa nguo wakakamua pamoja, kisha akamuuliza, "Dada, wewe mwenyewe unataka nini?"

Nyamvula aliiweka nguo chini. Wengi walikuwa wamemwambia avumilie, wengine walimwambia akimbie, lakini kumuuliza hakuna aliyemuuliza.

"Nataka kwenda kwa kaka yangu, ng'ambo ya mto," akasema. "Mimi na mwanangu. Na vitu vyangu nilivyopewa na mama, sitaki kumwachia. Nimejaribu kuondoka. Hunikamata mlangoni."

"Basi tutautumia mlango huo huo," Pimbi akasema.

Lazima niwaambie jambo, msije mkapotea. Kijijini pale mtu akija kuazima kitu hafukuzwi. Mwenye nyumba akisikia hodi, huacha alilokuwa akifanya, huitikia, hutoa kiti, huulizana habari na mgeni mpaka habari ziishe, kisha humpa alichokuja kuomba. Asiyefanya hivyo hazikwi na mtu. Nyati alipiga mke, sawa, lakini asingekubali aitwe mchoyo. Wapigaji wako hivyo, wanangu. Mlangoni ni muungwana, ndani ni moto.

Usiku ule Pimbi akapita nyumba kwa nyumba, akimweleza kila jirani aende kuazima nini. Mchana wa pili yake Nyati akarudi, kwata kwata kwata. Akaonja mboga. Akainua kichwa.

"Hodi!"

Alikuwa Nungunungu, anaomba mkeka. Nyati akashusha pumzi, akatoa kiti. Habari za watoto? Nzuri. Za shamba? Nzuri. Za mvua? Nungunungu alikuwa na mengi ya kusema kuhusu mvua. Alipoondoka na mkeka, Nyati akageuka jikoni tena.

"Hodi!"

Tembo, anaomba kinu na mchi. Naye akauliza habari zote, pole pole, kwa sauti ile yake nzito, mpaka za shangazi yake Nyati aliyekufa. Mboga ikapoa. Hasira nayo ikachoka kusimama.

Ikawa hivyo kila mchana. Pembe zikiinama tu, hodi. Chungu kikatoka, ungo ukatoka, sanduku la nguo likatoka. Nyati alijisifu mtoni kwamba hakuna nyumba inayotegemewa kama yake. Kanga akaja kumwomba ndama, akamsaidie kuamia ndege shambani kwake. Ndege anaomba mtu wa kufukuza ndege! Lakini Nyati hakujiuliza, maana anayejiona mkubwa hasikilizi maneno ya wadogo mpaka mwisho. Akasema mchukue.

Ndipo akaja Pimbi mwenyewe, na majirani wote nyuma yake.

"Bwana Nyati," akasema, "kwa Tembo kuna shughuli kubwa leo, na hakuna mkono unaosonga ugali wa sufuria kubwa kama wa mkeo. Tuazime Nyamvula."

Nyati alimtazama mkewe. Akawatazama wageni, wote wanangoja waone ukarimu wake.

"Mchukueni," akasema. "Lakini mnirudishie mapema."

Nyamvula akatoka kwa mlango ule ule, hakuna aliyemshika.

Jua lilipoanza kulegea, Nyati akaona njaa. Akaenda kwa Tembo, hakusikia ngoma wala nyimbo. Alikuta uani mkeka, kinu, chungu na sanduku vimefungwa mizigo. Ndama alikuwa amesimama na mjomba wake kutoka ng'ambo. Kijiji kizima kilikuwa kimekaa hapo, Nyamvula akiwa miongoni mwao.

"Nirudishieni mke wangu," akasema Nyati. "Mlimwazima."

"Ungo huazimwa, Bwana Nyati," Pimbi akajibu. "Mke huulizwa. Muulize."

Nyati hakujua jinsi ya kuuliza. Basi Nyamvula akajibu bila kuulizwa.

"Sirudi. Mwili wangu unauma."

Pembe zikainama. Kwato zikachimba vumbi, tifu, tifu. Na hapo, wanangu, Tembo alisimama katikati. Msidhani hakuogopa. Lakini alisimama. Nungunungu akasimama ubavuni mwake, miiba ikilia chacha, kisha Kanga na watoto wake wote.

Nyati akatazama huku na huku. Hakuona pa kupita.

"Ni chumvi tu," akasema kwa sauti ndogo. "Ilikuwa inazidi."

"Chumvi haina pembe," Pimbi akasema.

Wakambebea Nyamvula mizigo yake mpaka kivukoni, wakangoja avuke na mwanawe mpaka walipopanda ukingo wa pili. Nyati alibaki ameketi uani kwa Tembo. Hakuna aliyemcheka. Tembo aliporudi alimwambia kesho aje barazani aseme kwa kinywa chake alichofanya, asitaje chumvi wala mboga, na kama anataka kusaidiwa, ataanzia hapo. Kwenda hakwenda siku hiyo, wala ya pili yake. Siku aliyokwenda alisema neno moja tu, "Nilimpiga," na baraza likakaa naye mpaka jioni.

Hadithi yangu imefika, nami nimefika nayo, na maana yake ni hii: jirani anayesikia kipigo akanyamaza, naye ameshika fimbo.