Jicho la Kinyonga Siku ya Mahafali

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo ndiyo sauti yenu? Mmemaliza mihogo yangu yote halafu mnaniitikia kama mnaumwa meno. Narudia tena. Paukwa!

Pakawa!

Afadhali. Masudi, acha kuchokoa moto, cheche zitakurukia. Na wewe Chausiku, najua kwa nini umejikunyata huko nyuma. Umemaliza kidato cha nne, umeleta cheti, na pale penye neno Tabia mwalimu wako ameandika "Mbishi." Ukakificha chini ya godoro. Nimekiona nikitandika. Sogea mbele, mjukuu wangu, ya leo ni yako.

Hapo zamani za kale, kale ile mbuzi walipokuwa wakijifungia mlango wenyewe, palikuwa na shule kilimani, na mwalimu mkuu wake alikuwa Nyati. Getini alitundika kibao kikubwa: SHULE ISIYO NA DOA. Kila asubuhi alikifuta vumbi kwa mkia, akakitazama, akakifuta tena. Mimi simpendi huyu Nyati, na sifichi. Alikipenda kibao kuliko watoto.

Mwaka huo darasa la mwisho lilikuwa na wanafunzi watano tu. Naanza na Fisi, maana ukimweka wa mwisho atakula zamu za wenzake. Alishika mkia darasani tangu kidato cha kwanza na hakuona shida yoyote. Alikula ukoko wa makande, akala chaki, akala na dasta. Siku moja akala daftari la mahudhurio, na muhula ule mzima Nyati hakuweza kumthibitishia mtu kwamba alitoroka. Wenzake walimbeba mabegani. Na kile kicheko chake, jamani, kilimtoka pale tu mlipoambiwa mnyamaze.

Nungunungu alikaa dawati la peke yake, si kwa kupenda. Ukimshtua miiba inasimama, na jirani anapelekwa zahanati. Alikuwa golikipa wa shule. Alitoboa mipira mitatu msimu mmoja, na yote mitatu aliidaka vizuri. Lakini ukisahau kalamu siku ya mtihani, alichomoa mwiba mgongoni mwake akakwambia, "Chukua. Usinirudishie."

Twiga yeye mwili ulikuwa darasani, kichwa kilikuwa nje, kimepita kwenye tundu la bati. Kwa mwaka alisema maneno mawili, akizidisha sana manne. Ila Nyati akitoka ofisini, Twiga anakanyaga sakafu mara tatu, na darasa zima linakutwa limeinamia vitabu.

Monita alikuwa Kanga. Kazi yake ilikuwa kuandika majina ya wapiga kelele, na kila siku jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa lake mwenyewe. Mnacheka, lakini ni monita wangapi mnaowajua wangejiandika?

Na Kinyonga. Huyu alitoka bwenini jioni ili awahi kipindi cha asubuhi. Mguu mbele, anafikiri. Mguu nyuma, anafikiri. Macho yake kila moja lilikuwa na safari zake, moja likitazama ubao, la pili liko dirishani na ndege. Kanga alipohamia shuleni pale, kidato cha pili, walimcheka kwa madoadoa yake. Fisi ndiye aliyeanza. Walimwita Upele. Kanga akawa anakaa nyuma kabisa analia. Siku moja Kinyonga akainuka dawati la mbele, akatembea kwenda nyuma. Safari hiyo ilimchukua vipindi viwili. Alipofika na kukaa karibu na Kanga, mwili wake wote ulikuwa madoadoa. Alikaa nayo muhula mzima. Sasa wakitaka kumcheka Kanga iliwabidi wamcheke na Kinyonga, na hilo likawashinda, wakaacha. Hakuna aliyemtuma kufanya vile. Lishikeni hilo, nitalirudia.

Basi mtihani wa mwisho ukafika. Nyati akawa anapita katikati ya madawati, kwato ko, ko, ko. Akafika kwa Kinyonga akasimama. Jicho la kushoto la Kinyonga lilikuwa kwenye karatasi yake. La kulia lilikuwa kwenye karatasi ya Fisi.

"Unatazamia," Nyati akasema. "Unaiba majibu ya mwenzako."

"Hapana, Mwalimu. Jicho hili silitumi mimi. Linakwenda lenyewe."

"Linakwenda kwa jirani yako."

"Limekwenda na kwenye saa, Mwalimu. Limekwenda na kwenye kofia yako."

Fisi akanyoosha mkono. "Samahani, Mwalimu. Mimi nimechora mfupa. Angetazamia kwangu angepata nini?" Kicheko kikamtoka, hakuweza kukizuia.

Nyati hakucheka. "Jicho limeonekana kwa jirani. Shule hii haina doa." Akachukua wino mwekundu akalifuta jina la Kinyonga kwenye orodha ya wahitimu. Maana yake hakuna cheti, na bila cheti hakuna chuo ambacho kingempokea. Miaka minne yote imekwenda na maji. Halafu akamwambia, "Siku ya mahafali usionekane hapa."

Kumwambia Kinyonga asionekane! Hilo ndilo jambo analoliweza kuliko wote. Akatoka nje, akapanda ukuta wa darasa, akageuka rangi ya chokaa, akatulia hapo kwa siku tatu. Wenzake walimwita, hakujibu. Aibu ilikuwa imemkaba.

Siku moja kabla ya mahafali, Nyati akamwita Kanga ofisini akampa karatasi. Ilikuwa risala, yale maneno ambayo wahitimu humsomea mgeni rasmi. Nyati alikuwa ameiandika mwenyewe, akajishukuru mwenyewe mara kumi na moja. Mwanzo wake ulisema, "Sisi wahitimu wanne."

"Soma kama ilivyo," akasema. "Usiongeze, usipunguze."

Na Kanga akasema, "Ndiyo, Mwalimu."

Msimnunie. Na nyinyi mngesema ndiyo. Chumba kile kina pembe mbili kubwa zinakutazama na cheti chako kiko mezani. Kanga aliogopa, nami nasema wazi kwamba aliogopa.

Siku ya mahafali ikafika. Turubai likafungwa, viti vikapangwa, wali ukanukia mpaka bondeni. Wazazi wakaja na mashada ya kuwavika watoto wao. Mgeni rasmi alikuwa Mama Ndovu, mtu mzima, kiti kimoja hakikumtosha, wakamuunganishia benchi mbili. Vyeti vinne vikawekwa mezani mbele yake.

Wahitimu wakiwa wamejipanga kuingia, Twiga akaukanyaga mchanga. Mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Kuna nini?" Kanga akauliza.

Twiga akainamisha shingo, akasema, "Mama Kinyonga yuko getini."

Kwa Twiga hayo yalikuwa maneno ya mwaka mzima. Kanga akachungulia. Kweli, mama wa watu alikuwa anapita chini ya kibao, mguu mbele, mguu nyuma. Alitoka kwake wiki mbili kabla, na habari za kufutwa jina hazikumkuta njiani. Shingoni alikuwa amening'iniza shada la maua ya njano, yote yamenyauka kwa safari. Alikuwa anatabasamu.

Kanga akaitazama karatasi mkononi mwake. Akamtazama yule mama. Kisha akamgeukia Fisi akamwambia, "Fisi, una njaa?"

"Swali gani hilo?" Fisi akasema, na risala ya mwalimu mkuu ikashuka tumboni na shukrani zake zote kumi na moja.

Kanga akapanda jukwaani mikono mitupu. Sauti haikutetemeka.

"Mgeni rasmi, Mama Ndovu, shikamoo. Wazazi wetu, shikamooni. Sisi wahitimu watano..."

"Wanne," Nyati akasema.

"Sisi wahitimu watano tuna mengi ya kukiri. Fisi amekula daftari la mahudhurio. Nungunungu ametoboa mipira mitatu ya shule. Twiga ametushtua kila ulipotoka ofisini, Mwalimu, na ndiyo maana hujawahi kutukuta tukicheza. Mimi nimepiga kelele miaka mitatu, na orodha ninayo. Haya yote ni kweli na hakuna aliyefutwa. Kinyonga amefutwa kwa jicho alilozaliwa nalo. Kama jina lake limefutwa, futa na langu."

Akashuka.

"Anayefuata," Nyati akafoka, "Fisi, pokea cheti."

Fisi akasimama mahali pake. Kwa mara ya kwanza maishani hakucheka. "Kama jina lake limefutwa, futa na langu."

"Nungunungu."

Miiba yote ilikuwa imesimama wima. "Kama jina lake limefutwa, futa na langu."

"Twiga."

Twiga alikuwa ameshatumia maneno yake. Akakopa ya mwaka unaofuata. "Futa na langu," akasema.

Mama Ndovu akavitazama vile vyeti kwenye mkonga wake. "Mwalimu," akasema, "nimekaa hapa nimeshika karatasi kama muuza magazeti. Niliambiwa kuna mahafali. Mimi sioni wahitimu. Niandikeje nikirudi, kwamba nilikuja kula wali?"

Nyati akawatazama wazazi. Akatazama kibao kule getini. Akaona jinsi habari itakavyosafiri: ile shule isiyo na doa mwaka huu haikupata mhitimu hata mmoja. Akapumua kwa nguvu mpaka vumbi likaruka.

"Kalamu," akasema.

Nungunungu akachomoa mwiba mgongoni. "Chukua, Mwalimu. Usinirudishie."

Nyati akaandika cheti cha tano. Lakini mtu mwenye kinyongo hashindwi hivi hivi. Alipofika pale penye Tabia akatabasamu, akaandika, kisha akasoma kwa sauti ili kila mzazi asikie: "Tabia. Macho yake hayatulii."

Mama Kinyonga alikuwa amefika katikati ya uwanja. Aliposikia akasimama, mguu mmoja uko hewani. Lile tabasamu likaondoka.

Ukutani kulisikika mtu akivuta pumzi, lakini hakuna aliyeonekana.

Kanga akaenda mezani, akachukua cheti chake kwenye mkonga wa Mama Ndovu, akakisoma. Tabia: Nzuri. Akajua alikuwa ameipataje hiyo nzuri, ile siku aliyosema ndiyo ofisini. Akakirudisha mbele ya Nyati.

"Mwalimu, hiki changu kimekosewa. Na macho yangu hayatulii."

"Yametulia. Nayaona."

"Hayatulii, Mwalimu. Andika kama cha mwenzangu."

Fisi akaleta chake. "Mimi hata tumbo halitulii. Andika kama cha mwenzangu."

Nungunungu akaleta chake, na mwiba wa pili kama wa kwanza umechoka. "Andika kama cha mwenzangu."

Twiga aliishusha ile shingo yote kutoka juu mpaka pua yake ikagusana na pua ya Nyati, akakaa hivyo, akangoja.

Nyati akaandika. Nini tena? Mama Ndovu anamtazama, wazazi wanamtazama, na wali unapoa. Akaandika cha kwanza, akaandika cha pili, akaandika mpaka jasho likamdondoka kwenye karatasi. Vyeti vyote vitano vikasema jambo moja. Kinyonga aende na chake chuo gani, aende nacho kazi gani, hakuna ambaye angeweza kumtenga mmoja kati ya wale watano.

Hapo kwenye ukuta pakatokea jicho. Kisha la pili. Kinyonga akashuka. Mguu mbele, mguu nyuma, na hakuna mtu aliyemharakisha, hata Nyati. Alipopita karibu na Fisi akawa na mabaka ya Fisi. Alipopita kwa Nungunungu akawa na mistari myeusi na myeupe. Kwa Twiga akawa na viraka vya Twiga. Alipofika kwa Kanga akawa na madoadoa, yale yale ya kidato cha pili.

Mama yake naye akafika. Wakaonana pale mbele ya meza. Akamvika mwanawe lile shada lililonyauka, akakichukua cheti, akakisoma polepole, akasema, "Macho haya ni ya kwangu. Amerithi kwangu."

Kinyonga akasimama kupigwa picha. Jicho moja lilikuwa kwa mama yake. La pili lilikuwa kwa wenzake wanne.

Nini, Masudi? Kibao? Wanasema Fisi alikila akitoka. Mimi sikuwepo, siwezi kuapa, ila njaa ya yule naijua.

Hadithi yangu mimi imefika hapo, imeketi, haiendi mbele wala nyuma. Chausiku, mbona unajifuta macho, moshi? Nenda kachukue hicho cheti chini ya godoro. Masudi, lete nyundo na msumari. Tunakitundika sebuleni, mkabala na mlango, mgeni akiingia kabla hajakaa akisome. Na akifika pale penye Tabia, mwambieni asome kwa sauti, bibi yenu masikio yake hayasikii vizuri.