Nguchiro na Wasifu wa Marehemu Watarajiwa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanaalikana matangani, paliondokea Nyati na Chui. Nyati aliitwa Ngao ya Bonde. Chui aliitwa Hofu ya Bonde. Kazi ya Ngao ilikuwa kupigana na Hofu, na kazi ya Hofu ilikuwa kupigana na Ngao. Ukiuliza wanafanya nini kingine, unaonekana huna adabu.

Walikuwa wakipigana juu ya jabali moja bapa. Na chini ya jabali hilo, Bi Nguchiro alikuwa amejifungua.

"Baba Nyati," akamwendea, "pambano lililopita mmenipasulia dari. Nina vichanga humu, hata macho hawajafumbua. Hamieni kule mchangani."

"Shangazi, si nakutetea wewe!" Nyati akabenua kifua. "Na safari hii si mchezo. Tumekubaliana: mpaka mmoja afe."

Bi Nguchiro akarudi shimoni. Kuhamisha watoto hawezi. Mwewe walikwishaanza kuzunguka angani, ndiyo kawaida yao wakinusa pambano. Akitoka na kitoto mdomoni, fyu! kimekwenda.

Siku ya siku ikafika. Vyura wakapiga ngoma, ndi! ndi! ndi! Nyani wakajaa matawini wakipiga miluzi. Mashujaa wetu walikuwa wanapakwa mafuta, huyu upande huu wa jabali, yule upande ule. Nyati akajaribu mguu juu ya jabali. Puu! Shimoni mchanga ukawamwagikia watoto. Nyii, nyii, wakalia.

Sasa sikilizeni. Bonde lile lilikuwa na desturi. Mtu akifa, ubwabwa wa matanga hauliwi mpaka wasifu wake usemwe: alikuwa nani, alipenda nini. Asiye na wasifu, wageni hula kimya wakaenda zao, na chozi halidondoki. Msema wasifu alikuwa Bi Nguchiro. Akajipangusa mchanga usoni, akatoka.

"Hodi, Baba Nyati. Nimefuata wasifu wako."

"Wasifu? Mimi nimekufa?"

"Bado. Lakini mmoja wenu hafiki jioni, nami sipendi kubabaika mbele ya wafiwa. Haya, niseme ulikuwa nani?"

"Sema nilipigana na Chui."

"Hiyo habari ya Chui. Nataka yako."

Jasho likamtoka Nyati. "Sema... sema nilimshinda Chui."

"Chui tena! Baba, tanga hili lako au lake?" Akamsogelea sikioni. "Mwenzako wasifu umemjaa. Kumbe anasuka mikeka! Ya rangi. Watu watalia mpaka ubwabwa upoe."

"Mikeka? Mshenzi yule?"

"Shhh! Usiseme nimekwambia."

Akazunguka upande wa pili. Chui alikuwa ananoa kucha.

"Sema upesi, mama, uondoke. Leo nina kazi."

"Hiyo kazi ndiyo iliyonileta. Ukifa nikuseme vipi?"

"Kwamba nilitisha."

"Ulimtisha nani?"

"Nyati."

"Ole wangu! Kaka Chui, mtu mzima huna hata kitu ukipendacho? Nyati mwenzako anakaanga maandazi. Ya iliki! Majirani wakisikia amekufa watagaagaa chini."

Mkia wa Chui ukaacha kucheza.

Ndi! ndi! ndi! Wakaitwa. Nyati akapanda jabalini, ufa ukalia, kra! Bi Nguchiro akajiziba mdomo asipige kelele. Nyati akainamisha pembe. Chui akajikunja tayari kuruka.

Hakuna aliyeruka.

"Unangoja nini?" Chui akanguruma, lakini kwa sauti ndogo.

"Nimekumbuka... nina udhuru nyumbani."

"Ehe? Hata mimi. Hata mimi nina udhuru."

"Aaaa! Waoga!" nyani wakazomea. Mashujaa wakateremka taratibu, huyu huku, yule kule.

Siku zikapita. Mwewe, kwa kukosa pambano, wakaenda kutafuta riziki kwingine. Watoto wakafumbua macho, na Bi Nguchiro akawahamishia kichuguu cha jirani. Nyati alijifungia ndani na ukindu wa mkeka, akisuka kwa meno ili ampite Chui. Chui naye alikanda unga mpaka masharubu yakawa meupe, ili ampite Nyati.

Asubuhi moja wakakutana njiani, Nyati na mkeka begani, Chui na sinia.

"Nasikia unasuka," Nyati akasema. "Tazama huu, ulie!"

"Nisuke mimi? Si wewe mkaanga maandazi?"

"Maandazi? Mimi hata kuwasha moto sijui!"

Wakatazamana. Kisha kwa pamoja: "NGUCHIRO!"

Wakatimua mbio mpaka jabalini, wakalirukia wote wawili. Kraaa! Jabali likatitia, shimo likafukiwa lote.

Kule kichuguuni, Bi Nguchiro aliwakumbatia wanawe. Kisha akatoa kichwa nje.

"Naam, nilidanganya," akasema. "Na hapo mlipokanyaga ndipo walipokuwa wamelala hawa. Haya, piganeni basi!"

Nyati akageuka, akavuta pumzi apige kelele, akaona mkeka umemdondoka begani na Chui ameukanyaga.

"Chui! Toa miguu yako yenye tope kwenye mkeka wangu!"

"Na wewe usinipumulie maandazi!"

Ugomvi ukaendelea mpaka jua likazama, ila huo ulikuwa ugomvi wa majirani, na maandazi yaliliwa juu ya mkeka.

Yangu yamekwisha, mabaki mwaulize nyani. Ninyi shikeni hili: anayejulikana kwa adui yake tu, siku adui akizikwa, wamezikwa wawili.