Firigisi ya Baba

Wageni hawalingani. Wapo wanaokuja kula na kulala, na wapo wanaokuja na dawa ya ugonjwa ambao mwenye nyumba alikwisha kuuzoea. Mwalimu Masina alikuwa wa aina hii ya pili.

Keren alizaliwa Woolwich, London. Mwaka 2003, akiwa na miaka tisa, darasa lao liliulizwa: kuku mmoja akigawiwa watu wanne, kila mtu atapata kiasi gani? Wenzake waliandika robo. Keren aliandika kwamba baba atapata firigisi na paja, watoto mabawa. Alikosa, darasa likacheka, na tangu siku hiyo kipindi cha hesabu akawa ametulia kama maji mtungini.

Mama yake, Annonciata, Mkongo wa Bukavu aliyetunza wazee, alitafuta mchawi akampata: Kiswahili.

"Kiswahili njo inakuchanganya kichwa," alimwambia bintiye kwa Kiswahili cha kwao Bukavu. "Kuanzia leo, humu nyumbani ni Kiingereza tu."

Amri hiyo ilimuuma mama mwenyewe, maana Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Hadithi na matani ya jioni vikakoma, nyumba ikapooza.

Ndipo akaja shuleni Mwalimu Masina, mwanamke wa kicheko kipana, kutoka visiwa vya Samoa. Aliwafundisha watoto kuhesabu tasi, lua, tolu, kisha akachora nguruwe ubaoni.

"Kwetu nguruwe hakatwi ovyo," alisema. "Mgongo ni wa machifu, kichwa ni cha vijana waliopika. Vipande havilingani, lakini ukivirudisha pamoja unapata nini?"

Keren akainua mkono. "Nguruwe mzima. Kama kuku wa kwetu."

"Basi mwambie mama aje atuoneshe."

Annonciata alikuja amevaa sare ya kazi, akidhani ameitwa kukaripiwa. Alikuta darasani kuku wa kuchoma na kisu. Alianza kwa Kiingereza, maneno yakamkwama.

"Sema kwa lugha yako, mama," Masina alimhimiza. "Keren atatufasiria."

Akakata vipande vinane, akitaja mwenyewe wa kila kimoja. Keren alifasiri, kisha akakokotoa bila kuulizwa: baba firigisi na paja, vipande viwili kati ya vinane, yaani robo; bibi kimoja, yaani sehemu ya nane. Hakukosea hata mara moja, na safari hii hakuna aliyecheka.

Njiani, wakisubiri basi la kurudi nyumbani, Annonciata aliisahau amri yake. "Nani alikufundishaka kugawa vile?"

Keren, aliyezoea kumjibu kwa Kiingereza siku zote, akasema kwa Kiswahili, "Ni wewe, mama."

Annonciata akalia pale pale kituoni, basi likawapita, wala hakujali. Hakika, mgeni njoo, mwenyeji apone.