Pumzi, Kisu na Eda

Hapo zamani, si zile za mazimwi, hizi za juzi zenye mitungi ya oksijeni, alikuwepo Bi Mgeni, mke wa Vuai mchoma chokaa. Tanuri lilimla Vuai miaka thelathini, sigara zikammalizia. Mapafu yakatanuka yakalegea, hewa ikaingia isitoke. Akifunga kikoi, apumzike. Akivaa kofia, apumzike. Jamani, hata akimgombeza mkewe, apumzike katikati!

Daktari Salha akasema, "Tutakata sehemu iliyokufa, iliyo nzima ipate nafasi. Wengine hupumua vizuri. Wengine hawaamki. Kwa hiyo miezi mitatu moshi marufuku. Kifua chenye moshi sikigusi."

Vuai akatupa sigara. Bi Mgeni akaacha kuni, akapikia gesi. Lakini roho haikumtulia. Kila Alhamisi jioni akafanya alivyofanya mamake na bibi yake: akawasha chetezo, akafukiza udi chumbani, akamwombea mumewe salama. Moshi wa jikoni aliuona moshi. Wa udi aliuona dua.

Asubuhi ya upasuaji daktari akauliza, "Nyumbani mmeacha moshi wote? Hata udi na ubani?"

Bi Mgeni akamgeukia mumewe.

"Hakuna... moshi," Vuai akawahi kujibu. Daktari akaenda kunawa mikono.

"Baba Khatibu, na udi je?" Bi Mgeni akamnong'oneza mumewe.

"Nyamaza. Wakiahirisha... sifiki. Pumzi... ni yangu."

"Na usipoamka eda ni yangu! Nikae ndani miezi minne na siku kumi, nikijua ni udi wangu uliokuua?"

Daktari alirudi akawakuta wananong'ona. "Mama, kama kuna jambo niambie. Kisu ni changu. Nikimpoteza mtu kwa kufichwa, nitaishi vipi?"

Vuai akamshika mkewe mkono, akaubana. Bi Mgeni akapima moyoni. Akisema, upasuaji unaahirishwa, na jana mumewe alishindwa kumaliza hata Fatiha. Akinyamaza, huenda akarudishiwa maiti. Wauguzi wakaanza kukisukuma kitanda. Bi Mgeni akafungua mdomo.

Haya, nyie mliokaa hapa na vifua vyenu vizima, msiniangalie mimi, kitanda kinakaribia mlango. Mwenye pumzi, mwenye kisu, mwenye eda: je, nani alistahili kusikilizwa?