Digidigi na Mdomo wa Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Hamjaitika. Mmeshiba wali mkalegea. Na nyie watu wazima huko nyuma, msijifanye mmesinzia, ngano hii ni yenu pia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na chuo chao, palikuwa na Digidigi. Mwili mdogo, miguu kama njiti, nia kubwa. Mama yake aliugua macho. Yanachuruzika asubuhi, yanachuruzika jioni, na kila kukicha anaona kidogo kuliko jana. Digidigi akasema atakwenda kusomea dawa, arudi na dawa ya macho. Mama akamfungashia kapu la mtama, akampa na neno la njiani: "Mwanangu, usikope. Kukopa harusi, kulipa matanga."

Digidigi akalishika neno hilo. Akalishika kweli kweli. Chumvi ikimwishia, anakula bila chumvi. Moto ukimzimikia, analala na baridi yake. Wenzake chuoni wanaazimana vyungu, wanaazimana vinu, yeye haazimi. Akawa anatembea kifua mbele: mimi sidaiwi na mtu.

Sasa, mtama wa kapu una mwisho. Kiangazi kilipoingia, Digidigi akachungulia, akaona kitako cha kapu. Na dawa ya macho hufundishwa mwisho kabisa, mvua zikishaanza. Akirudi nyumbani sasa, amesoma bure, na mama anabaki gizani. Akaenda kwa Tembo, mwenye ghala.

"Shikamoo, babu. Naomba unikopeshe mtama nimalize masomo. Mimi sijawahi kudaiwa na mtu."

Tembo akatega masikio yake yale mapana. Kimya. Akatega tena.

"Jina lako silisikii popote, mjukuu wangu. Mlipaji namjua. Mla deni namjua. Wewe sikujui. Ghala nitalifungua wingu la kwanza likionekana. Kama nitakuwa nimekusikia, njoo."

Digidigi akatoka analia. Langoni mwa chuo alikaa Kanga, yule ndege wa madoadoa, muuza unga. Kanga alikuwa na mdomo, jamani, mdomo. Kila jioni alipanda juu ya kichuguu akatangaza nani kalipa na nani hajalipa. Aliyelipa, anamlilia: karudisha, karudisha, karudisha! Asiyelipa, anamlilia: kala, kala, kala! Pori zima linasikia. Na masikio ya Tembo yanapokea habari zake hapo hapo.

Kanga akamwuliza kinachomliza. Aliposimuliwa, akacheka mpaka manyoya yakamsimama. Akasema, "Sasa mimi nikutangaze kwa lipi, na hujaazima kwangu hata chumvi?"

"Mama alinikataza."

"Mama yako kakukataza mzigo usiouweza. Unaouweza unaukimbia kwa nini? Shika kibaba hiki cha unga. Siku ya gulio unirudishie."

Digidigi akasema mtama bado anao kidogo. Kanga akamwambia ndiyo maana anampa leo. Siku atakayokuja hana kitu, atamnyima.

Basi akachukua. Akaenda kuchuma ukwaju, akauza, na siku ya gulio akarudisha kibaba kimejaa hadi mdomoni. Jioni Kanga juu ya kichuguu: karudisha, karudisha, Digidigi karudisha! Digidigi alisikia jina lake linapita juu ya miti. Alifurahi, akaruka juu kwa miguu ile ya njiti. Gulio lililofuata, akachukua, akarudisha. Akachukua, akarudisha. Haba na haba.

Lakini jina likishanukia, wanaolifuata ni wengi. Alilala chumba kimoja na Ngiri. Ngiri alikuwa na roho nzuri, kichwa hana. Yeye Kanga alishamlilia kala mpaka sauti ikamkauka, hakuna anayempa hata punje. Akamwomba Digidigi amchukulie kapu zima la unga kwa jina lake Digidigi. Gulio lijalo atarudisha, haki ya Mungu. Digidigi akaona haya kumkatalia rafiki. Nyie mnaocheka, hamjawahi kuona haya ya namna hiyo?

Kanga alimtazama kwa jicho la pembeni, akauliza kapu zima la nani. Digidigi akajibu ni la kwake.

Siku ya gulio ikafika. Digidigi akamkumbusha Ngiri. Ngiri akamtazama, akatazama kapu tupu, mkia juu, puru puru puru, kaingia kichakani.

Digidigi akabaki peke yake. Jioni ile Kanga akilia kala, Tembo atasikia, na dawa ya mama ndiyo basi tena. Akaitazama njia ya kwao. Kukimbia angeweza, yeye ni Digidigi, nani angemkamata? Lakini jina lake halikuwa na miguu. Lingebaki pale juu ya kichuguu, likililiwa kala kila jioni.

Akaenda langoni kabla jua halijashuka.

"Shikamoo, Mama Kanga. Kapu sina. Nilimchukulia Ngiri, nikakudanganya. Leo nina kibaba hiki. Kingine gulio lijalo, na lijalo, mpaka liishe."

Kanga akapokea kibaba, akakipima. Kisha akasema, "Huko ndani wanakufundisha dawa za mizizi. Hii ishike pia: dawa ya deni kulipa."

Akapanda kichuguu. Akalia: kachelewa, kachelewa! Masikio ya Digidigi yakawaka moto. Kanga hafichi, hata ungekuwa mwanawe. Halafu akavuta pumzi: kachelewa, kaja! Kachelewa, kaja mwenyewe!

Digidigi akalipa. Alichuma ukwaju mpaka kwato zikachubuka, akala mlo mmoja kwa siku. Kibaba, kibaba, kibaba, kapu likaisha. Gulio moja baadaye, wingu likatokea.

Tembo akafungua ghala, akasema, "Nilisikia umechelewa."

"Ni kweli, babu."

"Wakati mambo ni mazuri, wanaorudisha ni wengi. Wewe nimekusikia siku yako mbaya. Shika mtama, kiasi unachoweza kulipa."

Akamaliza masomo, na mtama wa Tembo akaulipa wote kwa ukwaju. Akaifunga dawa ya macho kwenye jani, akashika njia ya kwao. Lakini Kanga alishalia, kanga wa bonde la pili akadaka, wa tatu akadaka: kamaliza, Digidigi kamaliza! Alipofika, mama alikuwa amesimama mlangoni, macho hayaoni, uso umeelekea njiani.

Akamtia dawa. Siku zikapita, mama akapepesa, akapepesa, akamwona mwanawe. Akamshika mashavu.

"Nilikwambia usikope."

"Nilikopa, mama. Nikarudisha."

"Najua," mama akasema. "Nilisikia."

Ndiyo maana hadi leo, jioni ikiingia, kanga hawanyamazi. Na nyie mnaokwenda vyuoni, shikeni hili. Kopa kidogo unachokiweza, rudisha siku yake, usikope kwa tumbo la mwenzako. Siku ikikushinda, nenda mwenyewe ukaseme kabla hujatafutwa. Haba na haba hujaza kibaba, na jina jema hujazwa vivyo hivyo.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyeazima mkeka wangu wa kukalia, aniachie mlangoni akitoka.